Imeandikwa Wapi? Mabishano kuhusu Vyanzo vya Kuaminika katika Wikipedia

Muhula uliopita nilikuwa nikisahihisha insha za wanafunzi wa mwaka wa pili kuhusu Fumo Liyongo, shujaa na mshairi wa pwani ya kaskazini ya Kenya. Mwanafunzi mmoja alitaja kwa uhakika kabisa karne aliyoishi shujaa huyo, na katika tanbihi akaandika neno moja tu: Wikipedia. Nikapiga mstari kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni, "Chanzo hiki hakikubaliki." Siku ya kurudisha insha alinifuata mlangoni akaniuliza kwa adabu: "Mwalimu, hukuandika kwamba habari yenyewe si kweli. Umeandika tu kwamba haikubaliki. Sasa kosa langu ni lipi?"

Nakiri kwamba jibu nililompa siku ile halikuniridhisha hata mimi mwenyewe. Makala hii ni jaribio la kumjibu vizuri zaidi, na kupitia kwake kuwajibu wengine wenye swali kama lake. Nilipoanza kulifuatilia niligundua kwamba ndilo swali ambalo wahariri wa Wikipedia wenyewe wamelibishania kwa zaidi ya miaka 20: je, jambo likubaliwe kwa sababu ni kweli, au kwa sababu limeandikwa mahali panapoaminika? Na likiwa kweli lakini halijaandikwa popote, lifanyweje? Kwetu sisi tunaofundisha lugha ambayo sehemu kubwa ya hazina yake bado imo vinywani mwa watu, swali hili si la mafundi wa kompyuta peke yao. Linagusa kazi yetu ya kila siku.

Wikipedia na kanuni zake

Wikipedia ilianzishwa tarehe 15 Januari 2001 nchini Marekani na Jimmy Wales na Larry Sanger. Ni ensaiklopidia ya mtandaoni, au kama inavyojiita kwa Kiswahili, kamusi elezo huru. Toleo la Kiswahili lilianza mwaka 2003, na leo lina makala zaidi ya 80,000. Uhuru unaotajwa ni wa aina mbili: kila mtu anaweza kusoma bila malipo, na kila mtu anaweza kuandika na kusahihisha. Kila makala ina ukurasa wa historia unaoonyesha nani alibadilisha nini na lini, pamoja na ukurasa wa majadiliano ambamo wahariri hubishana. Wapo pia wasimamizi, ambao toleo la Kiswahili huwaita wakabidhi. Hao wanaweza kufuta kurasa na kuwazuia waharibifu.

Katika ensaiklopidia za zamani, jina la mwandishi ndilo lililokuwa dhamana. Makala kuhusu mimea iliandikwa na profesa wa mimea, na msomaji akaridhika. Wikipedia haina dhamana hiyo, kwa sababu mwandishi anaweza kuwa profesa, anaweza kuwa kijana wa miaka 15, na anaweza kutumia jina la kubuni. Kwa hiyo dhamana imehamishwa kutoka kwa mwandishi na kuwekwa kwenye tanbihi. Haiulizwi "wewe ni nani?" bali "imeandikwa wapi?"

Kutokana na hali hiyo zimewekwa kanuni kuu tatu. Ya kwanza inadai kwamba msomaji aweze kuthibitisha kila habari inayoweza kubishiwa kwa kuangalia chanzo kilichochapishwa. Ya pili inakataza utafiti mpya: mhariri hana ruhusa ya kuleta ugunduzi wake mwenyewe, hata kama ni mzuri namna gani. Ya tatu inamtaka asielemee upande wowote, yaani aeleze maoni yote muhimu kwa kadiri ya uzito yanaopewa na vyanzo.

Chanzo cha kuaminika ni kipi basi? Kwa ufupi, ni kile kilichochapishwa, kilichopitia mikono ya mhariri au wataalamu wengine kabla ya kutoka, na kisicho na masilahi ya moja kwa moja katika jambo linaloelezwa. Vitabu vya mashirika ya uchapishaji ya vyuo vikuu, majarida ya kitaaluma na magazeti yenye sifa njema vinakubalika. Kurasa za mtu binafsi kwa kawaida hazikubaliki. Hata magazeti hayako salama: mwezi Februari 2017 wahariri wa toleo la Kiingereza waliamua, baada ya mjadala mrefu, kwamba gazeti la Daily Mail la Uingereza kwa jumla si chanzo cha kutegemewa. Aidha, vyanzo vya upili, yaani maandishi ya wataalamu waliochambua jambo, hupewa nafasi mbele ya vyanzo vya msingi kama vile barua, kumbukumbu za mahakama au maneno ya mhusika mwenyewe.

Kwa miaka kadhaa kanuni ya kwanza ilitamkwa kwa namna iliyowashtua wengi: kwamba kipimo cha kuingiza jambo ni kuthibitishika kwake, wala si ukweli wake. Tamko hilo liliandikwa upya mwaka 2012 baada ya mabishano makali, lakini wazo lenyewe halijabadilika.

Kwa nini ukali huu?

Msomaji anaweza kuona kanuni hizi kuwa urasimu mtupu. Kisa kimoja kinatosha kuonyesha sababu yake. Mwezi Mei 2005 mtu asiyejulikana aliandika katika Wikipedia ya Kiingereza kwamba John Seigenthaler, mwandishi wa habari mkongwe wa Marekani, aliwahi kudhaniwa kuhusika na mauaji ya Rais John F. Kennedy na ya mdogo wake, Robert Kennedy. Ulikuwa uongo mtupu. Seigenthaler aliwahi kufanya kazi chini ya Robert Kennedy, na alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza lake. Uongo huo ulikaa zaidi ya miezi minne bila kuondolewa. Tarehe 29 Novemba 2005 Seigenthaler alieleza uchungu wake katika gazeti la USA Today. Mwezi uliofuata Wikipedia ya Kiingereza ikawazuia watu wasiojiandikisha kuanzisha makala mpya.

Kama mtu yeyote angeuliza "imeandikwa wapi?" mnamo Mei 2005, habari ile isingedumu hata siku moja. Swali hilo ndilo ngao ya mtu anayesingiziwa. Tulikumbuke hilo kabla ya kuyatazama madhara ya ngao hiyo inapogeuka kuwa ukuta.

Mwandishi anapokataliwa kuhusu kitabu chake

Walimu wa fasihi watapenda kisa cha Philip Roth, mwandishi wa riwaya wa Marekani aliyefariki mwaka 2018. Riwaya yake The Human Stain, iliyotoka mwaka 2000, inamhusu profesa Coleman Silk. Siku moja profesa huyo anauliza darasani kama wanafunzi wawili ambao hajawahi kuwaona wapo kweli au ni mizimu. Neno la Kiingereza analolitumia lina maana mbili: mzimu, na pia tusi la kuwakashifu Wamarekani weusi. Wanafunzi hao ni weusi, na hapo ndipo maisha ya profesa yanapoanza kubomoka. Msomaji baadaye anajua kwamba Silk mwenyewe ni mtu mweusi aliyeificha asili yake.

Wahakiki kadhaa walikuwa wameandika kwamba mhusika huyo anafanana na Anatole Broyard, mhakiki wa vitabu wa New York aliyesemekana kuficha asili yake vivyo hivyo. Wikipedia ikaandika hivyo. Mwaka 2012 Roth, kupitia mtu aliyemwakilisha, aliomba maelezo hayo yaondolewe. Alisema riwaya ilitokana na tukio lililompata rafiki yake Melvin Tumin, profesa wa Chuo Kikuu cha Princeton, mwaka 1985. Jibu alilopewa na msimamizi mmoja, kwa mujibu wa Roth, lilikuwa kwamba inaeleweka kuwa mwandishi ndiye mjuzi mkuu wa kazi yake, lakini vinahitajika vyanzo vya upili.

Roth akaandika barua ya wazi, ikatolewa na jarida la The New Yorker mnamo Septemba 2012. Mara tu barua hiyo ilipochapishwa, ikawa chanzo, na makala ikarekebishwa. Maneno yaliyokataliwa yalipotoka kwa mwandishi yalikubaliwa yalipopitia jaridani, ingawa msemaji alikuwa yule yule.

Wengi walicheka, lakini tusiharakishe. Wahariri nao walikuwa na hoja. Haikuwa uongo kwamba wahakiki walimtaja Broyard. Hayo yalikuwa yamechapishwa na yanaweza kuthibitishwa. Na sisi wenyewe, tunapofundisha uhakiki, huwaambia wanafunzi kwamba kauli ya mwandishi kuhusu kazi yake si neno la mwisho. Tangu Roland Barthes alipoandika insha yake juu ya kifo cha mwandishi mwaka 1967, hoja hiyo imekuwa ya kawaida madarasani. Suluhisho lililopatikana ndilo lililo sahihi kitaaluma: eleza wahakiki walisema nini, eleza mwandishi alisema nini, na onyesha kila kauli imetoka wapi.

Mtafiti mmoja dhidi ya wengi

Kisa cha pili ni kigumu zaidi. Tarehe 4 Mei 1886, katika mkutano wa wafanyakazi kwenye eneo la Haymarket mjini Chicago, mtu asiyejulikana alirusha bomu na kuua polisi. Watu wanane walitiwa hatiani na wanne wakanyongwa mwaka 1887. Tukio hilo lilitokea wakati wafanyakazi wakidai siku ya kazi isizidi saa 8, na ni sehemu ya historia ya sikukuu ya Mei Mosi tunayoiadhimisha hadi leo.

Timothy Messer-Kruse, profesa wa historia nchini Marekani, alitumia miaka mingi akichunguza kumbukumbu za kesi hiyo. Wikipedia ilisema kwamba upande wa mashtaka haukuleta ushahidi wowote wa kuwahusisha washtakiwa na bomu. Profesa alikuwa amesoma kumbukumbu zenyewe na kukuta mashahidi 118 waliotoa ushahidi. Mwaka 2009 alijaribu kuifuta sentensi hiyo, na baada ya muda mfupi ikarudishwa. Akaambiwa kwamba kumbukumbu za mahakama ni chanzo cha msingi. Alete chanzo cha upili. Kisha akaambiwa kwamba wanahistoria wengi wanasema vinginevyo, na Wikipedia hufuata uzito wa vyanzo. Akasubiri hadi kitabu chake kikatoka mwaka 2011, akarudi nacho mkononi. Akaambiwa kwamba kitabu kimoja ni maoni ya wachache.

Alieleza mkasa huo katika gazeti la wanataaluma, The Chronicle of Higher Education, mnamo Februari 2012. Baada ya hapo makala ilijadiliwa upya na kurekebishwa.

Hapa ndipo penye kiini cha mgogoro. Tuwafikirie wahariri. Kila siku hujiwa na watu wanaosema: "Nimechunguza mwenyewe, na vitabu vyote vimekosea." Mmoja kati yao ni Messer-Kruse. Wengine ni watu wenye nadharia zao za ajabu, wanaotaka kuthibitisha kwamba piramidi zilijengwa na viumbe kutoka angani. Mhariri wa kujitolea, asiye mtaalamu wa fani hiyo, atawatofautishaje? Kanuni inamkinga dhidi ya wazushi wengi, na gharama yake ni kumchelewesha mtafiti mmoja wa kweli. Ensaiklopidia kwa asili yake hufuata nyuma ya utafiti. Kosa lilikuwa kuitumia kanuni hiyo kubakiza sentensi ambayo yeyote aliyefungua kumbukumbu angeona kwamba haiwezi kuwa sahihi.

Mhanga wa Brazil

Kisa cha tatu kinaonyesha kwamba hata kuwapo kwa chanzo hakutoshi. Mwaka 2008 mwanafunzi mmoja Mmarekani, baada ya kurudi kutoka safari ya Brazil, aliingia katika makala kuhusu koati, mnyama mwenye pua ndefu wa Amerika ya Kusini. Kwa mzaha akaongeza kwamba mnyama huyo huitwa pia "mhanga wa Brazil". Sisi tunamfahamu mhanga: ni mnyama wa Afrika, mchimbaji wa vichuguu, wala hana udugu wowote na koati. Jina hilo lilikuwa la kubuni kabisa.

Lakini halikuondolewa. Waandishi wa magazeti kadhaa ya Uingereza walilisoma na kulitumia, na hata kitabu kilichotolewa na shirika la uchapishaji la chuo kikuu kikalinukuu. Hatimaye makala ya Wikipedia ikawekewa tanbihi ya gazeti kuthibitisha jina ambalo gazeti lenyewe lililipata Wikipedia! Kisa hicho kilifichuliwa mwaka 2014. Mchora katuni Randall Munroe alikuwa ameshaueleza mzunguko wa namna hiyo katika katuni yake ya mwaka 2011: uzushi unaingia, mwandishi mwenye haraka anaunakili, kisha nakala yake inageuka kuwa ushahidi.

Waswahili husema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Habari inayoelea mtandaoni nayo imeundwa na mtu, mahali fulani, siku fulani. Njia ya kuuvunja mzunguko huo ni kulinganisha tarehe: je, chanzo kinachotajwa kilitangulia kuandikwa kabla ya sentensi ya Wikipedia, au kilikuja baada yake? Ukurasa wa historia utakujibu. Wanazuoni wa pwani wanaijua kazi hii kwa jina la isnadi: nani kapokea kwa nani, na je, mnyororo huo umekatika wapi?

Makmende arudishwa

Sasa tuje nyumbani. Mwezi Machi 2010 kundi la muziki la Just a Band la Nairobi lilitoa video ya wimbo wao Ha-He, ambamo shujaa anayeitwa Makmende anawashughulikia wahalifu. Jina hilo si geni kwa waliokulia Nairobi. Kwa maelezo yanayofahamika sana, linatokana na sentensi ya Kiingereza aliyoitamka Clint Eastwood katika filamu ya mwaka 1983, ambayo vijana waliisikia kwa masikio yao na kuipa umbo la Kiswahili na Sheng. Likawa jina la mtu anayejifanya shujaa. Hapo mwalimu wa isimu ana somo zima la utohoaji: silabi zilizodondoshwa, irabu iliyoongezwa mwishoni, na sentensi nzima iliyogeuka kuwa nomino.

Video hiyo ilienea haraka, na Wakenya wakatunga mamia ya vichekesho kuhusu Makmende. Baadhi yao wakaandika makala katika Wikipedia ya Kiingereza. Ikafutwa, kwa kuwa haikuonekana kuwa na umuhimu unaothibitishwa na vyanzo. Ikaandikwa tena, na mabishano yakaendelea. Wakati huo huo vyombo vya habari vya Marekani, kikiwamo CNN, vilianza kumtaja Makmende, na hatimaye makala ikabaki. Mtafiti Heather Ford wa Afrika Kusini alikieleza kisa hiki mwaka 2011 kama mfano wa ugumu unaowapata waandishi wa Kiafrika.

Tuone kilichotokea. Neno lilizaliwa Nairobi, likakua Nairobi, na wajuzi wake wote walikuwa Nairobi. Aliyekuwa akihukumu umuhimu wake hakuwahi kulisikia. Katika kisa cha Roth, aliyekataliwa alikuwa na The New Yorker la kukimbilia. Kijana wa Nairobi alilazimika kusubiri mgeni aandike ndipo lake lisadikiwe.

Je, mzee anaweza kuwa tanbihi?

Mwaka huo huo wa 2011 lilifanyika jaribio la kutafuta njia nyingine. Achal Prabhala wa India, akifadhiliwa na taasisi inayoendesha Wikipedia, aliongoza mradi uliotumia lugha tatu: Kihindi na Kimalayalam za India, na Kisepedi cha Afrika Kusini. Wahusika walikwenda vijijini wakawarekodi watu wakieleza michezo ya watoto, namna ya kutengeneza vinywaji vya asili, na taratibu za mila. Rekodi zikawekwa mtandaoni, na makala zikazitaja kama chanzo.

Waliopinga walisema kwamba huo ni utafiti mpya, jambo lililokatazwa na kanuni ya pili: mhariri akimhoji bibi yake na kumnukuu, nani atahakiki? Waliounga mkono walijibu kwamba lugha nyingi za dunia hazina vitabu vya kutosha, na kwamba kudai karatasi kwa watu ambao maktaba yao ni wazee ni sawa na kuwafungia mlango. Katika toleo la Kiingereza njia hiyo haikupata kuwa kanuni ya jumla.

Nadhani pande zote mbili zilikuwa na haki, na jibu limo katika historia ya eneo letu wenyewe. Jan Vansina, mwanahistoria aliyefanya utafiti kwa Wakuba wa Kongo na baadaye Rwanda na Burundi, alionyesha tangu mwaka 1961 kwamba masimulizi ya mdomo yanaweza kupimwa kama chanzo kingine chochote. Msimulizi alisikia kwa nani? Yapo masimulizi mangapi yasiyotegemeana? Nani ananufaika na simulizi likisemwa hivi na si vile? Lakini Vansina hakuishia kurekodi. Alilinganisha, akachambua, akachapisha, na wengine wakamsoma na kumbishia. Baada ya hapo ensaiklopidia yoyote ingeweza kumtaja.

Yaani kati ya mzee na ensaiklopidia pana ngazi moja inayohitajika: mtu wa kusikiliza, kupima na kuchapisha. Ngazi hiyo ndiyo idara kama yetu. Tunapolalamika kwamba Wikipedia haiyatambui maarifa yetu, tujiulize kwanza ni mangapi tumeyachapisha. Ni tasnifu ngapi kuhusu lahaja, methali na nyimbo za kazi zimefungiwa kabatini, nakala moja ya maktaba na nyingine ya msimamizi? Mwanafunzi alisafiri, akaketi na wazee, akaandika, akapewa shahada, na baadhi ya wazee hao leo hawapo. Ushahidi wao upo, lakini hakuna awezaye kuutaja kwa kuwa hakuna awezaye kuusoma.

Tufanye nini darasani?

Kwanza, tusiipige marufuku Wikipedia. Wanafunzi wataisoma tu, na kuificha. Tuwafundishe kuisoma kwa njia ya kitaaluma: kushuka hadi kwenye tanbihi, kufungua chanzo chenyewe na kuhakikisha kwamba kinasema kile kinachodaiwa. Kinachotajwa katika insha kiwe chanzo hicho, si Wikipedia.

Pili, tutumie kurasa za majadiliano kama zana za kufundishia. Mpe mwanafunzi mjadala mmoja aainishe hoja: ipi inahusu ukweli, ipi inahusu chanzo, ipi ni hasira tu. Ni mazoezi mazuri ya fikra tunduizi, na hayahitaji kitabu cha kununua.

Tatu, wanafunzi waandike makala za Kiswahili, kila sentensi muhimu ikiwa na chanzo. Tahadhari ni moja: wasizitafsiri kwa mashine na kuziacha. Mwezi Agosti 2020 iligundulika kwamba maelfu ya makala za Wikipedia ya Kiskoti yaliandikwa na kijana wa Marekani asiyeijua lugha hiyo. Lugha yenye wahariri wachache huumia kwa urahisi. Na leo, programu za akili bandia zinazojibu maswali hujifunza pia kutoka Wikipedia. Kosa tunaloliacha humo linaweza kurudi darasani likiwa halina hata tanbihi.

Nne, tuchapishe. Hata jarida dogo lenye mhariri makini na wasomaji wawili wa kuhakiki kila makala ni bora kuliko kabati lililojaa.

Hitimisho

Namrudia mwanafunzi wangu. Kosa lako, ndugu, halikuwa kuingia Wikipedia. Kosa lilikuwa kuishia hapo. Ungeshuka hatua moja zaidi ungekuta kwamba wataalamu hawakubaliani kuhusu karne aliyoishi Liyongo. Kwamba kila mmoja ana sababu zake. Na kwamba utenzi maarufu kumhusu, wa Muhammad Kijuma wa Lamu, uliandikwa mwaka 1913, muda mrefu baada ya wakati wowote unaotajwa. Ungeandika hivyo, insha yako ingekuwa na shaka nyingi kuliko ile uliyoniletea, na ingekuwa bora zaidi.

Nami nina kosa langu. Niliandika "hakikubaliki" bila kukuonyesha kinachokubalika kinapatikana wapi, huku nikijua kwamba mengi yake hatujayachapisha. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Wewe umeshatimiza wajibu wako wa kuuliza. Uliobaki ni wetu.

Wasomaji wenye maoni, au wenye tasnifu wanazotaka kuzifanya makala, wanakaribishwa kuziwasilisha kwa mhariri wa jarida hili.